Betri ya Pili

Bi Nuru Mbwana alikuja Saba Saba na madigadi yenye makovu:
mikwaruzo saba, kimo cha kiuno,
miwili imeshashika kutu,
maana chumvi ya Mombasa haingoji kualikwa.
"Kila nikiamka, pana mpya," akasema.
"Nifungie kamera, lakini si hizi za kulala gari likilala.
Mimi nataka jicho lisolala."

Jicho lisolala, nikamwambia, hula usiku kucha.
Likila kwa betri ya gari, alfajiri utageuza ufunguo
usikie tk, tk, tk,
na watoto wa skuli wamejipanga barazani na mikoba yao.
Dawa ni betri ya pili.

"Kama mke wa pili?" Akanitazama juu ya miwani.
Kama mke wa pili, naam: jiko lake, chungu chake,
asichovye mkono kwa mwenziwe.
"Na mume akizima?"

Hapo ndipo nilipomwita Nyanje alete rilei.

(Nyanje ni mwanafunzi wangu, mwezi wa nne huu.
Katoka Samburu na mashati mawili. Haongei.
Spana namba kumi huitia mfuko wa nyuma wa suruali;
nimemkataza hadi nimechoka.)

Fyuzi kwanza, shubiri moja tu kutoka kwenye chanya,
kwani waya usio na fyuzi ni utambi unaosubiri kiberiti.
Nikaupitisha ule mwekundu, mnene, kwenye tundu la ukuta wa injini,
nikauvisha mpira, bati lisije likauchuna.
Rilei ndiyo bawabu: injini ikinguruma hufungua lango,
betri zote mbili zikanywa kisima kimoja;
injini ikinyamaza hufunga,
kila mmoja na mtungi wake.
Ya pili tukailaza chini ya kiti cha abiria
na kuikaza kwa mkanda, kama mtoto mtundu.

Waya wa ardhi nilimwachia Nyanje.
Akapiga msasa bati mpaka likameremeta,
akakaza boliti, akapaka grisi,
akavuta. Akavuta tena.
Nikapima: kumi na mbili nukta saba.
Sijapata kuona mwanafunzi akifunga ardhi vile.

Siku ya nane Bi Nuru alirudi na kadi kwenye fundo la leso.
Tukaitia kwenye simu yangu yenye ufa.
Usiku wa kwanza, paka.
Wa pili, paka na mvua.
Wa tatu, Guraya yote kimya, van imerudi sasa hivi
kuwashusha wapishi wa hoteli za Nyali,
mtu akaja na katoni kwapani.
Akaigusa boneti kwa kiganja, kama apimaye homa.
Akageuka, akaegemea madigadi palipo joto,
akateleza taratibu hadi chini.
Kabla hajazama, mfukoni nyuma, kitu kiling'aa.

Mgongoni kwangu, msasa ukanyamaza.

Ndiye aliyenishikia tochi nilipokuwa naunga.
Ile boliti angeilegeza nusu mzunguko tu
jicho likapofuka,
nami ningeilaumu chumvi.
Aliikaza.

"Rangi itatoka kwenye mshahara wake," alisema Bi Nuru.
Hana mshahara, nikasema. Nampa chakula cha mchana.
Akanitazama tena juu ya miwani, na safari hii
halikuwa jicho la utani.

Akaifunga kadi. Akafika mlangoni. Akarudi.
"Hiyo betri ya pili," akauliza, akiutazama ukuta,
"yaweza kubeba na taa? Ndogo tu.
Kule kiti cha nyuma.
Na ule mlango wa kuburuza, kitasa chake kibovu,
nimeamua kisitengenezwe."

Yaweza, nikasema.

Nyanje alikwisha simama.
Alitoa spana mfuko wa nyuma, akaiweka mezani bila kuambiwa,
akaenda kutafuta waya.